Je, mstafeli una nguvu mara 10,000 kuliko kemo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji na sasa anaendelea na dripu za kemo, zimebaki nne. Shangazi ametuletea majani makavu ya mstafeli pamoja na ujumbe wa WhatsApp unaosema wanasayansi wa Marekani walithibitisha maabara kwamba mstafeli unaua seli za saratani ya utumbo mara 10,000 kuliko kemo, tena hauzidhuru seli nzima, ila makampuni ya dawa yameficha. Mama amechoka, anatapika, vidole vinamfa ganzi. Anataka aache dripu atumie majani. Je, huo utafiti upo kweli? Na kama upo, mbona hospitalini hawampi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na mama umfikishie pole zangu.

Utafiti upo. Naanza na hilo kwa sababu wengi wakipeleka ujumbe kama huu hospitalini hujibiwa kwa mkato kuwa ni uzushi, basi hutoka pale wakiwa na hakika zaidi kwamba kuna kinachofichwa. Ulichapishwa mwaka 1996 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na namba 10,000 imo, imeandikwa wazi. Aliyeusambaza ujumbe hakuitunga namba hiyo. Aliinyofoa tu, akayaacha maneno yaliyoizunguka, na humo ndimo maana yote ilimokuwa.

Kwanza, zilizochunguzwa ni mbegu za stafeli, si majani. Mbegu zilisagwa, zikakamuliwa kwa viyeyusho vya maabara, kisha kilichotoka kikatenganishwa hatua kwa hatua mpaka zikapatikana kemikali tano safi za kundi liitwalo asetojenini. Mojawapo, sis-anonasini, ndiyo iliyopewa sifa ya mara 10,000. Kati ya kemikali hiyo iliyosafishwa na kikombe cha majani yaliyochemshwa jikoni kwenu pana umbali mkubwa. Asetojenini zina mnyororo mrefu wa kaboni unaofanana na wa mafuta, haziyeyuki vizuri katika maji. Chache hutoka kwenye chai, lakini ni kiasi gani, hilo hutegemea mti, umri wa majani na muda wa kuchemsha. Shangazi hawezi kujua. Hata mimi nikipewa kikombe hicho siwezi kukuambia bila kukipima.

Pili, dawa iliyowekwa upande wa pili wa mzani ilikuwa adriamisini, ambayo wengine huiita doksorubisini. Ni dawa ya maana kwa saratani ya matiti na za mitoki, lakini si dawa ya saratani ya utumbo mpana. Kuipita adriamisini kwenye seli za utumbo si sawa na kuzipita dawa anazopewa mama. Halafu, wanaopenda kusema "kemikali dhidi ya asili" watashangaa kusikia kwamba adriamisini yenyewe ni ya asili kabisa: inatengenezwa na bakteria wa udongo waliopatikana Italia, na jina lake limetoka kwenye Bahari ya Adriatiki.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, kilichouawa hakikuwa uvimbe ndani ya mtu. Zilikuwa seli za ukoo uitwao HT-29, zilizotolewa kwenye uvimbe wa utumbo wa mwanamke mmoja mwaka 1964 na ambazo tangu hapo zinaoteshwa maabara duniani kote. Mwenyewe aliishi maisha yake, seli zinaendelea. Zinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, zinayeyushwa zikihitajika, zinalishwa, zinagawanywa, zinatumwa kwa ndege.

Ngoja nikuingize ndani. Jipatie picha ya kisahani cha plastiki angavu, kikubwa kidogo kuliko kiganja, chenye vishimo 96 vilivyopangwa mistari 8 kwa 12. Kila kishimo kinatiwa seli elfu chache zikielea kwenye tone la lishe la rangi ya waridi, lenye sukari, chumvi, amino asidi na seramu iliyotokana na damu ya ndama ambaye hajazaliwa. Kisahani kinalazwa kwenye inkubeta ya nyuzi joto 37, yenye hewa ya kaboni dioksidi asilimia 5. Kesho yake seli zimeshika sakafu ya kishimo, ukizitazama kwa hadubini zimetanda kama vigae. Ndipo unatia dawa: mstari wa kwanza nyingi, wa pili kidogo, wa tatu kidogo zaidi, na mstari mmoja unauacha bila dawa ili uwe na cha kulinganisha. Unasubiri siku mbili, tatu, pengine wiki.

Mwisho unadondoshea rangi ya njano iitwayo MTT. Seli hai huigeuza fuwele za zambarau. Kishimo cha zambarau iliyokoza kina seli nyingi zinazofanya kazi, kilichobaki njano zimekufa au zimesimama. Mashine inasoma rangi, kompyuta inachora mchirizi, na unapata kipimo kimoja: ni kiasi gani cha dawa kinachopunguza seli kwa nusu. Ile 10,000 ni ulinganisho wa vipimo viwili vya namna hiyo. Haina maana kwamba mgonjwa atapona mara 10,000 haraka zaidi, wala kwamba uvimbe utapungua mara 10,000. Ina maana kwamba kwenye vishimo vile, kemikali hii ilihitajika kidogo mno kuliko ile ili kufanya kazi ileile.

Sasa tazama kisichokuwemo kishimoni. Hakuna tumbo lenye asidi, hakuna ini la kuivunja dawa kabla haijafika popote, hakuna figo za kuitoa, hakuna moyo, hakuna uboho, hakuna mishipa ya fahamu. Dawa inamwagwa moja kwa moja juu ya seli na kukaa hapo siku nzima. Katika mazingira hayo kuua ni kazi rahisi mno. Jiki inaua seli za HT-29. Sabuni inaziua. Spiriti ya kusafishia kidonda inaziua kwa dakika chache. Ndiyo maana kila mwaka unasoma kwamba tangawizi, kitunguu saumu, habasoda, mwarobaini na mlonge vimeua saratani maabara, na habari hizo mara nyingi ni za kweli. Swali gumu ni lile linalofuata: je, kiasi kinachoua kishimoni kinaweza kufika kwenye uvimbe bila kumwua mwenye uvimbe?

Manjano ni mfano mzuri. Kiini chake, kurkumini, huua seli za saratani za aina nyingi kishimoni. Lakini watu waliojitolea kumeza gramu 8 za kurkumini kwa siku, kiasi ambacho hakuna pilau litakalokufikisha, damu yao ilikutwa na chembe kidogo tu, chini sana ya kile kinachohitajika kishimoni. Utumbo haukuinyonya vizuri, na ini liliishughulikia iliyobaki. Isitoshe kurkumini ina rangi yake na hung'aa ikimulikwa, hivyo inaweza kuidanganya mashine inayosoma rangi. Wakemia wamelipigia kelele jambo hili kwa miaka, na bado tafiti mpya za kurkumini zinatoka kila wiki.

Mstafeli nao una mtego wa aina hiyo. Asetojenini zinafanya kazi kwa kuziba njia ya nishati ndani ya mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu zake. Rangi ya MTT nayo inategemea uhai wa kazi hizohizo za kutengeneza nishati. Kwa hiyo kemikali ya namna hii inaweza kuifanya rangi ipungue hata kabla seli haijafa. Mtafiti makini atahakikisha kwa njia nyingine: atahesabu seli kwa macho, au atazisafisha dawa na kuona kama zitaota tena.

Hapo ndipo tunapofika kwenye maneno "hauzidhuru seli nzima", na hayo ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote. Katika utafiti ule, seli za utumbo ziliathirika zaidi zikilinganishwa na seli za saratani za viungo vingine. Hilo halisemi lolote juu ya ini la mama, moyo wake, wala neva zake. Karibu kila seli mwilini ina mitokondria, na seli za neva ndizo zinazoitegemea nishati hiyo kwa pupa kuliko karibu zote. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibiani, waliripoti wagonjwa wengi kupita kawaida wenye ugonjwa unaofanana na wa Parkinson lakini usiokubali dawa zake za kawaida. Wagonjwa hao walikuwa walaji wakubwa wa matunda ya jamii ya stafeli na wanywaji wa chai ya majani yake. Baadaye maabara ilionyesha kwamba anonasini, asetojenini ya stafeli iliyo ndugu wa ile sis-anonasini, inaua seli za neva zilizooteshwa, na panya waliodungwa mfululizo walipata madhara kwenye ubongo. Kwamba stafeli ndilo lililosababisha ugonjwa wa Guadeloupe bado halijathibitishwa kwa binadamu, na mimi sitasema limethibitishwa. Ila ona ajabu hii: ushahidi wa kishimoni unaotumika kuusifia mstafeli ni wa daraja lilelile na ule unaouonya. Anayekubali wa kwanza sharti aukubali na wa pili.

Umeniambia mama vidole vinakufa ganzi. Hiyo inanifanya nidhani mojawapo ya dripu zake ni oksaliplatini, dawa yenye platinamu ambayo inajulikana kwa kuumiza neva za mikono na miguu. Kumwongezea juu yake kitu kinachonyima neva nishati ni jambo ambalo mimi nisingelifanya kwa mama yangu.

Nije kwenye "mbona hospitalini hawampi" na "makampuni yameficha". Jibu fupi ni kwamba miti iliyofaulu, hospitalini wanaitoa. Kamptotesini ilitolewa kwenye mti wa Uchina, Camptotheca acuminata, na Monroe Wall na Mansukh Wani wakaieleza mwaka 1966. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa miaka ya 1970 iliwatoa damu kwenye kibofu, ikawekwa kando. Wakemia waliirekebisha, na mwaka 1996, mwaka uleule wa utafiti wa stafeli, mtoto wake irinotekani akaidhinishwa Marekani. Kwa saratani gani? Ya utumbo mpana. Ikiwa siku moja daktari wa mama atabadilisha dripu na kuandika irinotekani, atakuwa anampa dawa ya mti.

Na lipo la nyumbani kwetu zaidi, ambalo nalipenda ingawa lina uchungu ndani yake. Kuanzia mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilianza kukusanya mimea kutoka pande zote za dunia ili kuijaribu. Kichaka kimoja cha Ethiopia cha jenasi ya Maytenus kilionyesha nguvu kubwa, na mkemia Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia akaitenga kemikali yake, maitansini, akaitangaza mwaka 1972. Kipimo kilichomwongoza kilikuwa seli za kishimoni ziitwazo KB. Enzi zile ziliaminika kuwa za saratani ya mdomo. Baadaye ikagundulika kwamba ukoo wa KB ulikuwa umevamiwa zamani na seli za HeLa, zile zilizotolewa mwaka 1951 kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, mama mweusi aliyetibiwa Baltimore, bila yeye kuombwa ruhusa. HeLa huota kwa kasi kiasi kwamba tone moja likirukia chupa ya jirani, baada ya muda chupa yote ni HeLa. Mpaka leo maabara zinazojiheshimu hupima DNA ya seli zao kabla ya kuchapisha, na unaposoma utafiti usiosema kama walipima, una haki ya kutilia shaka.

Tatizo la maitansini lilikuwa uchache. Ndugu wa kichaka hicho, Maytenus buchananii, alikuwa anaota Shimba Hills, kule Kwale, pwani ya Kenya, na yeye alikuwa na dawa zaidi: takriban miligramu 1.5 kwa kila kilo ya mmea mkavu. Zaidi? Piga hesabu mwenyewe. Wakusanyaji walivuna humo zaidi ya tani 27, ambazo hata zingekuwa kavu zote zisingetoa gramu 50. Walipohitaji tena baada ya miaka minne, miche ilikuwa haijarudi vya kutosha, wakahangaika kupata mzigo. Nikisikia watu wakisema "tuvune tu miti yetu, tiba ipo porini", nakumbuka Shimba Hills.

Kishimoni maitansini ilikuwa kali ajabu, kali kuliko dawa za kemo zitokanazo na mmea wa vinka mara mia na zaidi. Kwa kanuni ya ujumbe wa WhatsApp ilipaswa kumaliza saratani duniani. Ilipoingizwa kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ilitapisha, iliharisha, ilitia ganzi mikono na miguu, na uvimbe haukupungua vya kutosha kuvumilia hayo. Majaribio yakafungwa. Ukali wake, sifa yake yote ya kishimoni, ndio uliokuwa kasoro yake mwilini, kwa sababu haikujua pa kwenda.

Ilichukua miongo mitatu kuipa njia. Watafiti wa Japani walikuwa wamegundua mwaka 1977 kwamba kuna bakteria anayetengeneza kemikali za ukoo huohuo, hivyo ikawezekana kuipika kwenye matangi bila kugusa msitu. Kisha toleo lake lililorekebishwa likafungwa kwenye kingamwili inayoshika alama ya HER2, iliyojaa juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili inasafiri na mzigo wake, inashika seli, seli inaimeza, na sumu inafunguliwa ndani. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani Februari 2013. Inauzwa ghali mno, na makampuni yanapata fedha nyingi kutokana nayo. Kwa hiyo hoja kwamba makampuni huficha miti haijakaa sawa. Kampuni ikiona mti unaolipa, itaukimbilia, itaubadilisha atomu mbili tatu, itaukatia hataza, kisha itakuuzia kwa bei ya kukutoa jasho. Lawama iko hapo kwenye bei, na hapo nakuunga mkono.

Anonasini imejulikana kwa miongo mingi na imepimwa mara nyingi na vyuo vingi, ikiwemo nchi zisizo na sababu yoyote ya kuzipendelea kampuni za Marekani. Haijapita kwa sababu haijapata njia: inagusa mitokondria ya kila mtu. Pengine siku moja itafungwa kwenye kingamwili kama maitansini. Sitashangaa. Lakini haitakuwa kikombe cha chai.

Tufanye nini basi na mama? Ganzi na kutapika si mambo ya kuvumilia kimya mpaka akate tamaa. Kabla ya dripu inayofuata, mwambieni daktari kwa maneno haya haya: vidole vinakufa ganzi, na je, ganzi inaisha kabla ya dripu nyingine au inaendelea. Jibu la swali hilo la pili ndilo humfanya daktari apunguze kipimo cha oksaliplatini, aisimamishe au aendelee na dawa zilizobaki bila hiyo. Inafanyika kila siku, si fadhila. Kuna dawa za kuzuia kutapika za daraja mbalimbali. Kama aliyopewa haifanyi kazi, ipo nyingine. Wengi wanaoacha dripu ninaowafahamu walikimbia matapishi kuliko walivyokimbilia majani, na matapishi yana dawa.

Mwambieni pia kuhusu majani, hata kama mama ameshayanywa. Msiogope kufokewa, akifoka, muulizeni muuguzi wa wodi au mfamasia. Majani ya mstafeli yameonyesha kwa wanyama kwamba yanashusha presha na sukari, na kama mama anameza dawa za moja ya hayo, daktari anahitaji kujua kwa nini vipimo vyake vimeyumba. Wakipima damu na kukuta ini au figo zimebadilika, bila habari hiyo watailaumu kemo peke yake, na pengine watapunguza dawa iliyokuwa inafanya kazi.

Shangazi asitukanwe. Amekuja na alichonacho. Kama anataka kusaidia, mpeni kazi ya uji: mgonjwa wa dripu hupungua uzito haraka, na mtu anayeweza kukaa naye akanywa kidogo kidogo kila saa mbili ana thamani kuliko mtu wa majani.

Tunda lenyewe? Stafeli lililoiva ni chakula, na mama akilitamani mpeni kipande au glasi ya juisi mara mojamoja, ikiwa tumbo linalikubali. Si kila siku, wala si kwa miezi mfululizo: tunda moja lilipopimwa lilikutwa na wastani wa miligramu 15 hivi za anonasini. Na mbegu zitolewe zote kwa mkono kabla ya nyama kuingia kwenye blenda.